Mgomba Hauna Uso

Jumatatu, 3 Februari 1964

Nimemaliza kinu cha mke wa mwalimu. Kina sura ya bibi anayepuliza moto, mashavu yamejaa, macho yamefumba. Pua imenishinda. Nimeiacha bapa, na mwenyewe akiuliza nitasema ndivyo zilivyo pua za wapuliza moto.

Mchana lori limeleta mbao kutoka Lugari. Mzungu mwingine ameuza shamba na nyumba yake inavunjwa. Waliogawiwa viwanja wanataka mahindi, hawana haja na veranda. Nimepata milango, meza ndefu yenye alama za sufuria, na nguzo moja ya veranda. Mvule. Nene kama kiuno cha mtu mzima. Imekauka hata patasi ikiigusa inalia. Mchwa walikula nyumba nzima wakaiacha hiyo.

Sijui nitaichonga nini. Nimeiegemeza ukutani nikaipiga kofi kama ng'ombe. Agneta angekuwa hai angenicheka. Alikuwa akisema kwamba yeye ni mke mdogo, mke mkubwa ni mbao.

Nimekula viazi, peke yangu.

Jumatano, 12 Februari

Baba Mdogo Lihanda amekuja karakana. Huyu akija mjini bila kesi, jua kesi ni wewe. Amekaa juu ya kigoda ambacho sijakimaliza, akazungumza habari za mvua, za bendera mpya kwenye ofisi ya D.C., za meno yake. Halafu akasema lililomleta. Anataka kaka yangu Musonye azikwe.

Musonye hana maiti. Alikwenda Kongo kabla ya uhuru, dereva wa lori la samaki wakavu. Zikaja habari kwamba lori lilichomwa njiani pamoja na wote waliokuwamo. Basi. Haukuja mwili, haikuja hata kofia. Mama alikataa matanga. Mkewe, Mmbone, yuko pale nyumbani tangu siku hiyo, si mke si mjane. Hawezi kuolewa, hawezi kurudi kwao.

Baba Mdogo anasema boma lenye mtu anayening'inia halitulii. "Asiyekuwapo na lake halipo," amesema, nikajua amekwisha kuamua.

Kwetu mtu aliyepotea huzikwa mgomba. Unakatwa wa urefu wake, unavikwa blanketi, unaliliwa, unafukiwa. Mgomba huoza upesi. Ukioza, naye amekwisha, na walio hai wanarudi shambani. Niliona ukizikwa mmoja nikiwa mtoto. Nilidhani ni mchezo.

Jumapili, 16 Februari

Mkutano nyumbani baada ya kanisa. Wazee wote walikubali. Mama alikaa mlangoni pa jikoni akichambua mboga kama vile anasemwa mtoto wa jirani. Walipomaliza akasema:

"Mgomba haina uso. Mimi siliangi kitu haina uso."

Kisha akaninyooshea kidole chenye tope la mboga.

"Huyu anachonganga nyuso ya watu wote huko Kakamega. Achonge ya ndugu yake. Nikiiona, nitalia."

Baba Mdogo hakupenda. Alisema waliotutangulia hawakuwa wajinga, walichagua mgomba kwa sababu zao. Mama akarudi kwenye mboga. Mwishowe wakapatana: nichonge kigoda. Musonye aliondoka bado hajapata kigoda chake cha mwanamume mwenye boma, basi azikiwe hicho, chenye uso wake.

Mimi nilikubali hata kabla hawajaniuliza. Niliiona ile nguzo ya mvule ikisimama karakana. Sikuwaza kaburi, niliwaza mti. Ndivyo nilivyo.

Ijumaa, 28 Februari

Siukumbuki uso wa kaka yangu.

Namkumbuka mgongo wake akiendesha baiskeli, nami nimekaa nyuma. Nakumbuka mikono. Uso ukija unakuja wa baba, au wangu mwenyewe kwenye kioo. Nimekasirika siku nzima. Nimemfokea mteja, akaondoka bila kinu chake.

Siwezi kuharibu mvule kwa kubahatisha. Nimechukua vipande vya ile meza ndefu, nikachonga miko ya ugali, kila mwiko uso mmoja kwenye ncha ya mpini. Najaribu Musonye. Wa kwanza ametoka kama karani. Wa pili kama mbuzi. Naendelea.

Mmbone amekuja mchana na unga kutoka kwa Mama. Alitazama miko iliyopangwa juu ya benchi. Akachukua mmoja, akagusa nyusi kwa kidole.

"Hii hapana, shemeji. Yake ilikuwa inapandanga juu hivi. Kama mtu ameambiwa uongo."

Nikachonga palepale, naye akiangalia. Nyusi. Pengo la meno ya chini. Shavu moja kubwa kidogo upande alioutafunia. Kila alipogusa mbao nilizuia pumzi. Nampenda. Nimempenda tangu mwaka aliofariki Agneta na sijawahi kumwambia mtu, wala sitamwambia. Naandika hapa kwa Kiswahili ambacho yeye hakisomi.

Wa mwisho alikuwa Musonye. Mmbone aliushika mwiko huo, akaufunika kwa khanga, akauweka chini, akaenda zake bila kuaga.

Jumanne, 3 Machi

Mvule ni mbishi. Ndani yake kulikuwa na msumari wa mzungu, umejificha, ukala ncha ya patasi yangu nzuri. Nimeung'oa. Umeacha tundu chini ya kidevu na nimelifanya kivuli.

Mama ametembea kutoka nyumbani mpaka hapa, na miguu yake ile. Hakuutazama uso. Nilikuwa nimeufunika gunia, naye hakuomba. Alikagua mahali pa kukalia tu.

Anasema ni padogo. Musonye hakuwahi kukaa kama watu. Alikunja mguu wa kushoto, akakalia kisigino, akatokeza goti nje kama bata aliyevunjika bawa. Alivunja vigoda vya jikoni kwa ukaaji huo. Baba alimchapa, na bado. "Mwachie nafasi ya goti," amesema Mama.

Nimepanua upande wa kushoto. Kigoda kimekuwa cha ajabu, kimevimba upande mmoja. Ukikitazama bila kujua utasema fundi alilewa.

Jumamosi, 14 Machi

Tumemzika Musonye.

Nilikibeba kigoda mwenyewe kutoka barabarani, kimefungwa blanketi. Kizito kama mtoto wa kwenda shule. Baba Mdogo akafunua ili Mama aone.

Mama alitazama. Akasema jina ambalo alimwitia nyumbani: "Kuka." Babu. Kwa kuwa Musonye alipewa jina la babu yetu, Mama hakumwita vinginevyo tangu akiwa mdogo. Aliita mara moja, halafu akalia. Sijawahi kusikia kilio kile. Wanawake wote wakaitikia, ngoma za isukuti zikapigwa, ng'ombe wakakimbizwa uwanjani kama inavyotakiwa kwa mtu kamili. Mmbone amenyolewa. Kichwa chake ni kidogo, kizuri, sikujua.

Kaburi liko kushoto kwa nyumba ya Mama, karibu na ghala. Kigoda kimeshushwa uso juu. Nilirusha udongo wa kwanza ukaangukia jichoni. Nikataka kuruka ndani nikaufute.

Watu wamenipongeza. Mzee mmoja kasema hajaona marehemu aliyefanana hivyo na nafsi yake. Nilijisikia vizuri. Aibu ilikuja baadaye, nyumbani, nikivua viatu.

Alhamisi, 9 Aprili

Mvua. Kumbikumbi wametoka, karakana nzima mabawa. Mtu wa hoteli kutoka Ekero amepita akachukua miko yote, ile ya majaribio. Anasema wateja wake watafurahi kuona ugali unasongwa na mtu. Karani, mbuzi, Musonye, wote wamekwenda Ekero. Nilisita juu ya ule wa Musonye. Halafu nikauachia. Unafanya nini hapa?

Jumapili, 24 Mei

Nimepewa Mmbone. Baba Mdogo alisema, wazee wakaitikia, chakula kikaliwa. Mchungaji alikaa mwisho wa benchi akijifanya hasikii, ila ingokho, yule kuku wa wageni, alikula.

Mmbone mwenyewe aliulizwa. Akasema, "Sijakataa." Nimelibeba neno hilo kutwa nzima kama yai.

Sasa sijui nimwiteje. Shemeji si shemeji tena. Leo nimemwita "wewe". Naye kaniita "fundi".

Nina furaha. Naiandika ili niione.

Jumatatu, 20 Julai

Mzee Athumani wa Mumias, muuza samaki, ameingia karakana. Salaam alekum, alekum salaam, habari za nyumba, njema. Mmbone ana mimba, hilo sikumwambia, bado changa. Tukaongea. Akaanza kucheka peke yake.

"Hiyo mwiko yako imeleta maneno Ekero. Mtu mmoja, sura yote imeungua, alikuwa anakula hotelini. Akaona mwiko. Akasimama akamnyang'anya mpishi. Anauliza, huyu ni nani, huyu ni nani. Mpishi akamwambia, ni marehemu wa huko Kakamega, ndugu ya fundi, alizikwa mwezi wa tatu. Basi huyo mtu akakaa chini akacheka mpaka akakohoa damu. Wallahi."

Nikamuuliza huyo mtu alikaaje.

Mzee Athumani akanishangaa. "Alikaa tu. Mguu moja ameikalia."

Nimefunga karakana mapema. Nimemwambia Mmbone kichwa kinauma. Kweli kinauma.

Jumatano, 22 Julai

Sijamwambia mtu.

Naomba awe mwingine. Wako wengi wanaokunja mguu. Naomba asije. Sitaki awe hai. Nimeandika na sifuti.

Jumamosi, 1 Agosti

Amekuja.

Nilikuwa napiga randa. Kivuli kikaingia, nikadhani mteja. "Mulembe," amenisalimu, kwa sauti kama ya msumeno kwenye mti mbichi. Uso wote ni kovu tupu, sikio moja halipo, mdomo umevutwa kuelekea shingoni. Nyusi hana. Zile nyusi nilizozihangaikia hana hata moja.

Mkononi ameshika mwiko.

Alikaa juu ya gogo, mguu wa kushoto chini yake. Akasema, "Shivachi, umenifanya mzuri. Hata mimi nimejililia."

Nilipaswa kumkumbatia. Nilisimama na randa mkononi. Anachosema ni hiki: lori lilichomwa, yeye alitoka kwa dirisha, masista wakamwokota, akakaa kwao muda mrefu akiwa hana jina wala sauti. Halafu njia. Uganda, kifua, hospitali, njia tena. Anakohoa kutoka tumboni. Sasa anataka kwenda nyumbani, akae karibu na moto wa Mama.

Ananiuliza kuhusu Mmbone. Nimemwambia. Alitazama vigoda vyangu kimoja kimoja mpaka cha mwisho. "Afadhali wewe," amesema. Kama angenipiga ningeshukuru.

Jumatatu, 3 Agosti

Nimempeleka. Nilitangulia mimi nikawaambia. Baba Mdogo akakimbilia mlangoni pa boma na fimbo, mzee yule, akasimama katikati. Aliyezikwa hapiti mlango wa walio hai. Hilo nalijua, Musonye mwenyewe analijua. Alisimama nje ya ua wa michongoma bila kuambiwa.

Mama akatoka jikoni. Akaja hadi kwenye ua. Alimtazama kwa muda mrefu. Musonye akasema, "Mama, ni mimi." Kwa ile sauti.

Mama akasema, taratibu kabisa, "Mtoto yangu nilimuona. Nilimuona uso na hii macho, nikamlia. Huyu sijui ni wa nani. Mpeni chakula, aende."

Akarudi jikoni.

Ni mimi niliyempa uso huo. Hata mimi nikifumba macho simwoni mtu aliye nje ya ua, naona mvule. Kilichokuwako kabla ya mvule kimeondoka.

Tumemjengea kibanda cha majani ya migomba kando ya barabara.

Jumanne, 4 Agosti

Baba Mdogo ametoa hukumu. Ungekuwa mgomba, amesema, sasa umeoza. Tungechinja kondoo, tungebomoa ukuta wa nyuma, angeingilia huko kama mtoto anayezaliwa, na mambo yamekwisha. Lakini kile hakiozi. Yuko mle chini na yuko barabarani. Mtu hawi wawili. Kifukuliwe kwanza, na akifukue aliyekichonga.

"Niliwaambia," akaongeza. Kweli alituambia.

Nikauliza, na Mmbone? Akasema kigoda kikitoka, kila kitu kinarudi pale kilipokuwa. Mmbone alikuwa amesimama karibu na ghala, mkono tumboni. Alisikia.

Nimesema nitachimba kesho.

Ijumaa, 7 Agosti

Sijachimba. Jumatano ilinyesha. Jana ilinyesha mvua ya mawe. Leo haikunyesha, nikasema udongo ni mzito.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu jembe lake ninalo mimi, nimelificha nyuma ya mbao.

Mmbone anampelekea obusuma, ugali wetu. Anaweka sahani chini, anarudi hatua chache, anageuka mgongo, kwa sababu hairuhusiwi kula naye wala kumgusa. Lakini haondoki. Wanaongea hivyo, yeye anatazama mahindi, kaka anatazama sahani. Sijui wanasema nini. Nina wivu juu ya mtu anayetema damu kwenye jani. Ndiyo mimi huyo.

Jumapili, 9 Agosti

Mchungaji amehubiri kuhusu mila za giza. Baada ya ibada nikamwomba twende wote akamshike Musonye mkono, amwingize. Akasema ana mkutano.

Mama haongei habari za kibanda. Anapita barabarani kwenda mtoni, anatazama mbele. Jana nimemwona akisimama kidogo Musonye alipokohoa. Halafu akaendelea.

Mmbone ameniambia leo, bila hasira: "Kama unangoja akufe, sema tu. Nijue mimi naishi na nani."

Nikatoka nje kukata kuni. Sikuwa na jibu lingine ila ndiyo.

Jumatano, 12 Agosti

Nimechimba.

Nilianza asubuhi bila kumwambia mtu. Baba Mdogo aliposikia jembe alikuja akakaa pembeni. Udongo ulikuwa laini. Hapakuwa na uzito wowote. Nilikuwa nimesema uongo.

Blanketi limekwisha, nyuzi tu. Kigoda kizima. Mizizi myeupe imepita puani na kwenye tundu la msumari. Mchwa wamejenga kukizunguka na hawakukigusa. Uso vilevile, nyusi juu, kama mtu ameambiwa uongo. Nikafuta udongo jichoni kwa kidole gumba.

Baba Mdogo akasema kichomwe, kondoo ataletwa kesho kutoka kwa watu wasio ndugu. Nikaanza kukibeba kwenda nje ya ua, mahali pa kuchomea. Musonye alikuwa ametambaa hadi mlango wa kibanda. Kakonda, hata shati linamlemea. "Lete nione," akasema.

Nikakiweka mbele yake. Alijitazama. Akakigeuza polepole, akapapasa ule uvimbe wa kushoto. Akajua. Akashika bega langu, mara ya kwanza tangu arudi, akajinyanyua, akakunja mguu, akaketi. Goti likaingia mahali pake sawasawa. Akashusha pumzi kama mtu aliyefika.

Mama alikuwa upande wa pili wa ua na kuni kichwani.

Kuni zilianguka zote. Alipita katikati ya michongoma, si kwa mlango, ikamchana mikono na mashavu. Baba Mdogo aliita, "Mama Musonye, bado kondoo!" Hakusikia au hakutaka. Alipiga magoti kwenye tope, akashika goti lile, goti, si uso. "Kuka," alisema. "Kuka, Kuka. Mbona hukuniambia umefika?"

Musonye akasema, "Nilikuambia, Mama."

Hakuna aliyekichoma kigoda. Kondoo ni kesho. Ukuta wa nyuma tutaubomoa kesho. Mama amegoma kuingia ndani, yuko kibandani naye. Nimewapelekea moto.

Alhamisi, 13 Agosti

Alfajiri amefariki. Kondoo alikuwa bado njiani.

Kifua kilikuwa kimekwisha, asema mganga wa zahanati, hata juma zima lisingemsaidia. Labda. Juma zima angelala karibu na moto. Hilo mganga haulizwi.

Ijumaa, 14 Agosti

Tumemzika. Kaburi lilikuwa wazi tayari. Nilirefusha upande mmoja tu, maana kigoda ni kifupi kuliko mtu.

Mwili ulipitishwa kwa nyuma ya boma. Watu walikuja, wengi, wakasimama. Isukuti hazikupigwa. Ng'ombe walibaki malishoni. Mama alifungua mdomo, na Baba Mdogo akamgusa mkono, kwa upole kabisa, maana hata yeye alikuwa na machozi. Mtu haliliwi mara mbili. Machozi yake alikwisha kupewa Machi, akapewa yote, na ng'ombe na ngoma, na yalikwenda kwenye mti.

Mama akafumba mdomo. Akasimama hivyo mpaka udongo wa mwisho. Sitaki kuona kitu kama kile tena maishani mwangu.

Mmbone amelala kwa Mama.

Jumapili, 23 Agosti

Hakuna mvua. Mahindi yanavunwa kila mahali.

Wateja wawili wamekuja wiki hii wakitaka sura. Nimewachongea vinu vitupu. Mmoja amelalamika. Nimemwambia unga hauna macho.

Mmbone amerudi nyumbani kwangu jana na kikapu chake. Mtoto akiwa mvulana jina linajulikana. Alipokuwa anapanga vyombo niliuona ule mwiko wa Ekero, ambao Musonye alikuja nao. Ameuweka juu, pamoja na mingine.

Leo tumekwenda kwa Mama. Niliinama kuingia jikoni, moshi mwingi, sikuona vizuri. Alikuwa amekaa karibu na moto anasonga. Amekaa juu ya kigoda cha mvule. Mwanamke hakai juu ya kigoda cha mwanamume, tena cha marehemu, tena kilichotoka kaburini. Ni mwiko mkubwa. Baba Mdogo alikuwa mlangoni, amekiona kama mimi, akatazama kofia yake.

Uso umegeukia motoni. Upande wa kushoto, palipovimba, Mama ameweka kitambaa kilichokunjwa vizuri, na yeye amejibana upande wa kulia, nusu ya mwili iko nje ya kiti. Amemwachia nafasi.

"Kaeni," alisema. "Obusuma imeiva."

Tukakaa chini. Akapakua. Nikala.